Kibanda cha mama nacho ni kazi: jibu kwa binti wa Malaba

Swali: "Mama, pokea salamu kutoka Malaba, huku mpakani mwa Uganda na Kenya. Nina miaka 24 na diploma ya ugavi na usafirishaji. Tangu mwaka jana nimeitwa kwenye usaili mara tano, na kila mara naambiwa 'tutakupigia', simu haiji. Sasa kampuni moja ya kliaringi, wale wa kutoa mizigo forodhani, imeniita Kampala baada ya wiki mbili, nafasi ya karani wa nyaraka. Uzoefu sina, labda kumsaidia mama kwenye kibanda chake cha mobile money kwa miaka miwili. Hata siku hesabu ilipopungua shilingi 340,000 ni mimi niliyekesha na daftari mpaka nikakuta muamala mmoja umeandikwa mara mbili, lakini hiyo si kazi ya ofisi. Watu hapa wananiambia nisipoteze nauli, kazi zina wenyewe. Nijiandae vipi? Wakisema nijieleze, nasema nini?"

Binti yangu, salamu zimefika. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale pale, kwenye zile shilingi 340,000. Umeziandika haraka haraka kama mtu anayeomba radhi, kisha ukafunga kwa kusema hiyo si kazi ya ofisi. Kama ningekuwa kwenye jopo, katika barua yako yote ningepigia mstari sentensi hiyo moja.

Upande ule wa meza nimekaa miaka 22, hapa Kampala, mwanzo nikiwa karani wa kujumlisha alama, mwishoni nikiwa mkuu wa idara ya wafanyakazi. Nimewasikiliza vijana wengi wakijieleza, na wengi wao wamekosa kazi ambazo wangeziweza kabisa. Walituletea sifa, nasi tulikuwa tunatafuta ushahidi. "Mimi ni mwaminifu, ni mchapakazi, najifunza haraka, naelewana na watu." Ukisikiliza watu kumi na wawili kwa siku moja, wote kumi na wawili watasema maneno hayo hayo, na ikifika saa tisa alasiri huna kitu kwenye karatasi cha kumtenganisha wa kwanza na wa mwisho. Kisha anaingia mmoja anasema, "Kulikuwa na siku fedha zilipungua kwenye droo, nikafanya hivi, nikakuta hivi," na ghafla kalamu zote mezani zinaanza kuandika.

Nami nimewahi kuangukia hapo. Nikiwa na umri kama wako niliitwa na kampuni moja, nikasema kwa sauti nzuri kabisa kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni akaniuliza kwa upole, "Nani aliwahi kukuamini kitu gani, na ulikifanyia nini?" Nilinyamaza. Majibu nilikuwa nayo, kwa sababu nilikuwa nimetunza fedha za kikundi cha akina mama kanisani kwa mwaka mzima bila senti kupotea. Haikunijia kichwani kwamba hiyo ni habari ya kusema ofisini. Nilirudi nyumbani bila kazi, na swali la yule mzee nimelibeba tangu siku hiyo. Nakukabidhi wewe sasa.

Turudi kwenye daftari la mama. Karani wa nyaraka katika kampuni ya kliaringi anafanya nini siku nzima? Anapokea ankara ya mwuzaji, orodha ya upakiaji, bili ya shehena na hati ya asili ya bidhaa, anazilinganisha. Namba ya kontena ikiandikwa tarakimu moja tofauti, au uzito kwenye karatasi moja usifanane na ule wa karatasi nyingine, trela linasimama. Wewe unaishi Malaba, umeona trela likisimama siku tatu na dereva akipika chai chini ya tela. Kila siku ya namna hiyo kuna mtu anailipia. Kwa hiyo kampuni inayokuita Kampala inatafuta mtu wa kuona kosa dogo ndani ya mistari mingi, asiyekubali kulala mpaka ajue limetoka wapi. Wewe umeshafanya hilo. Umelifanya kwenye kibanda badala ya ghorofa ya tatu, lakini jicho ni lile lile.

Sasa usiende kulisema kama ulivyoniandikia mimi. Kaa na mama usiku mmoja, fungueni daftari, ukumbuke mambo yenyewe: ilikuwa mwezi gani, nani aligundua upungufu, ulianza kutafuta wapi, ulilinganisha daftari na nini, ilichukua saa ngapi, na baada ya hapo mlibadilisha nini. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, nalo lina alama nyingi. Mimi sijui ilivyokuwa, lakini kwa mfano ingeweza kusikika hivi:

"Jioni moja fedha taslimu zilikuwa pungufu ya daftari kwa shilingi 340,000. Mama alidhani tumeibiwa. Nilichukua simu ya kazi, nikasoma ujumbe wa miamala mmoja mmoja, siku tatu nyuma, nikiweka alama kwenye daftari kila unaolingana. Saa sita usiku nikakuta amana moja ya mteja imeandikwa mara mbili, kurasa mbili tofauti. Fedha haikupotea. Tangu siku hiyo tunaandika namba ya muamala, hatuandiki jina na kiasi peke yake, na tunafunga hesabu mara mbili kwa siku."

Hiyo ni dakika moja, au moja na nusu. Haina neno "mwaminifu" wala "makini", na aliyeisikia ameshaandika yote mawili. Ukiandaa habari nne au tano za namna hiyo, utakuwa na jibu la karibu kila watakachokuuliza, kwa sababu maswali ya usaili ni mengi kwa sura lakini machache kwa tumbo. Tafuta moja ya kosa ulilofanya wewe mwenyewe na ulivyolisahihisha. Tafuta moja ya mteja aliyekuja amefura, na Malaba huwezi kukosa dereva aliyetuma fedha kwenye namba isiyo yake. Moja iwe ya kazi uliyofanya na wenzako chuoni, na nyingine ya siku mambo yalipokuwa mengi kuliko mikono. Ziandike kwenye daftari, lakini usizikariri neno kwa neno. Aliyekariri akikatizwa katikati hupotea kabisa, tumewaona wengi.

Kuna jambo litakalokuzuia, na nataka nilizungumze taratibu kwa sababu halitokani na ujinga. Linatokana na malezi mazuri. Tumelelewa kwamba mtu mwenye adabu hajitaji. Tunasema "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", na msichana anayesema "mimi nilifanya" mbele ya wazee anaonekana amekosa mtu wa kumfunda. Basi ukifika mbele ya jopo unasema "tulifanya", "tulijitahidi", "tulisaidiana". Mwenye karatasi ya alama anabaki hajui wewe ulifanya nini, na sheria ya karatasi yake ni kwamba asichokisikia hakipi alama. Chema hujiuza sokoni, ambako watu hupita kila siku wakakionja. Mbele ya watu wasiokujua, una dakika 20 tu. Kutaja ulichofanya kwa mikono yako si majivuno. Majivuno ni kujipa sifa kubwa bila kitu nyuma yake, na habari ya daftari ina kitu nyuma yake. Penye watu wengi, wape haki yao kwanza, kisha useme sehemu yako: "Mama ndiye mwenye biashara, mimi nilikuwa nafunga hesabu."

Macho nayo ni hivyo hivyo. Nyumbani kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu. Kwenye usaili, mtu anayeongea akitazama meza huonekana anaficha jambo, hata kama jopo lote limelelewa kama yeye. Mtazame anayekuuliza, ukijibu wapitishe macho na wengine. Nimewahi kuona wasichana wakipiga magoti mlangoni kusalimia. Moyo wangu uliwapenda kwa hilo, lakini nilimwona mwenzangu mmoja akitabasamu, na najua tabasamu lile lilipunguza nini. Salimia umesimama wima, inamisha kichwa kidogo, ngoja uambiwe ukae. Heshima itaonekana.

Lugha. Bila shaka watakusaili kwa Kiingereza, na barua yako inaniambia kwamba unafikiri kwa Kiswahili. Hilo lisikutie hofu, ila lishughulikie mapema. Habari zako zile nne au tano zisimulie kwa sauti, kwa Kiingereza, mbele ya mdogo wako au mbele ya ukuta, kila siku mpaka siku ya safari. Sentensi fupi. Ukikosa neno, eleza kitu kilivyo na uendelee. Makosa madogo ya sarufi sijawahi kuyaona yakimnyima mtu kazi ya nyaraka. Kilichowanyima watu ni kutafuta maneno makubwa na kuzama humo.

Kisha Kiswahili chenyewe kiweke mezani kama chombo cha kazi. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Hata hivyo Kampala bado zipo ofisi ambako mtu wa kuongea na dereva wa Mombasa au karani wa bandari bila mkalimani ni mmoja tu. Sema hivi: "Madereva wanaotoka Kenya, Tanzania na Kongo naongea nao kila siku." Kwa kampuni inayosubiri mzigo, huo ni ujuzi wa fedha.

Kuhusu kampuni na kazi yake, wenzako watakaoitwa pamoja nawe watasoma tovuti usiku mmoja kabla. Wewe unaamka kwa honi za trela. Tumia hizo wiki mbili. Nenda kwenye kituo cha pamoja cha mpaka, tafuta karani yeyote wa kliaringi wakati wa chakula cha mchana, mnunulie soda, muulize swali moja: makosa gani ya karatasi yanachelewesha mizigo zaidi? Andika anavyosema. Waulize na madereva. Hakikisha unaelewa mfumo wa himaya moja ya forodha ulioanza kutumika mwaka 2014, yaani kwa nini mzigo wa Uganda unatangazwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na kulipiwa kodi ukiwa bado Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala, na mpakani kunabaki kazi gani. Ujue jina la mfumo wa kompyuta wa forodha, ASYCUDA, hata kama hujawahi kuugusa. Ukiulizwa kama umewahi, sema hujawahi, kisha sema unachokijua kuuhusu.

Usishangae wakikupa kalamu na karatasi. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 85 kuhusu namna ya kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye, na kumwuliza kila mtu maswali yale yale yaliyopangwa, vilionekana kutabiri utendaji wake kazini vizuri kuliko mazungumzo ya hivi hivi. Ndiyo maana makampuni mengi siku hizi yanauliza "tuambie siku ambayo…", na ndiyo maana mtu atakusomea swali kutoka kwenye karatasi kwa uso mkavu. Hajakuchukia. Amekatazwa kumsaidia mmoja na kumwacha mwingine.

Kwa nafasi yako jaribio laweza kuwa kulinganisha karatasi tatu na kuonyesha zinapopishana, au hesabu ya ushuru. Ifanye hii nyumbani mpaka mkono uizoee. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una madaraja ya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Bidhaa yenye thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000 katika daraja la 25 inalipa ushuru 2,500,000. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla, yaani 12,500,000, nayo ni 2,250,000. Tozo nyingine zipo na nimeziacha, muhimu ujue kwamba VAT inapanda juu ya mgongo wa ushuru. Nimeona wenye digrii wakiikokotoa kwenye 10,000,000.

Sasa swali lako: wakisema ujieleze, unasema nini? Wengi huanza, "Nimezaliwa Tororo, ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba, nilisoma shule ya msingi…" Dakika mbili zinakwisha yupo darasa la sita. Wanachotaka kujua ni kwa nini umekaa kwenye kiti hicho leo. Anza na ulichosomea, ingia kwenye ulichokifanya, ishia kwenye kazi yao. "Nina diploma ya ugavi na usafirishaji. Kwa miaka miwili nimefunga hesabu za biashara ya mobile money Malaba, kazi ya kulinganisha kumbukumbu kila siku. Nimekulia mpakani, nimeona karatasi moja mbaya inavyogharimu, na ndiyo sababu nimeomba nafasi ya nyaraka." Nyamaza hapo. Wakitaka zaidi watauliza, na ukiwa umetaja kulinganisha kumbukumbu, swali lao linalofuata litakupeleka moja kwa moja kwenye zile 340,000.

Udhaifu wako wakikuuliza, usiseme unafanya kazi kupita kiasi. Hakuna anayeliamini jibu hilo tena. Taja kitu cha kweli kisichobomoa kazi yenyewe, na hatua uliyochukua. Swali la miaka mitano ijayo lijibu kwa kifupi kwamba unataka kuwa umepata cheti cha kikanda cha forodha na usafirishaji wa mizigo na unasimamia mafaili yako mwenyewe. Usipojua jibu, sema hujui na useme ungemwuliza nani au ungetazama wapi. Kunyamaza sekunde tano kabla ya kujibu kunaruhusiwa. Kwako utahisi ni dakika nzima, lakini kwetu tulikuwa tunamalizia kuandika.

Waweza kuulizwa umeolewa, una mtoto, unapanga kuzaa lini, au jina lako la ukoo ni la watu wa wapi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama jinsia, dini, asili, ulemavu au hali ya VVU. Lakini wewe umekaa pale unatafuta kazi, hukwenda kufungua kesi, na namna ya kujibu ina busara yake. Irudishe kwenye kazi: "Hakuna jambo la nyumbani litakalonizuia kufika saa mbili na kubaki mzigo unapohitaji." Sema kwa utulivu, kisha utulie. Mtu akikutaka fedha "ya fomu" au "ya chai ya jopo", au akikwambia mkutane jioni mahali pasipo ofisi, ondoka. Usaili wa kweli haulipiwi, na hakuna kazi yenye thamani ya hilo la pili.

Hao wanaokuambia kazi zina wenyewe sitawapinga kwa urahisi. Nimekaa kwenye majopo ambako jina lilikuwa limeshajulikana kabla chai haijaletwa, na liliniuma kila mara. Lakini nimekaa pia kwenye jopo ambako mpwa wa mkubwa aliingia, akaongea, akatoka, na baada yake akaingia msichana aliyetoka Kasese kwa basi la usiku. Alitueleza alivyopanga upya stoo ya dawa ya zahanati ya kijiji ili zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza. Tulipojumlisha alama, pengo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mkubwa mwenyewe hakupata njia. Alama zilizoandikwa na watu wanne ni vigumu kuzifuta. Huwezi kujua umeingia chumba cha aina gani, na kwa kazi ambayo kosa la tarakimu moja linaigharimu kampuni fedha, mwenye kampuni ana sababu yake mwenyewe ya kumtaka anayeweza. Nauli hiyo itoe.

Kwa wanaoitwa serikalini nitasema machache, kwa kuwa najua wengine watasoma. Kwenye Tume ya Utumishi wa Umma wengi huchujwa kwa mtihani wa maandishi wa kupima uwezo kabla ya kuliona jopo, kwa hiyo fanya mazoezi ya hesabu za asilimia na uwiano kwa saa, bila kikokotoo. Kwenye tume za wilaya, soma mpango wa maendeleo wa wilaya yenyewe na ujue idara unayoomba inaongozwa na nani. Na vyeti viwe halisi, maana vitahakikiwa.

Mshahara. Wakikuuliza unataka kiasi gani, usiseme "chochote mtakachonipa". Linaonekana jibu la unyenyekevu, lakini linawaambia hujui thamani ya kazi. Waulize makarani wa Malaba wanapata kiasi gani, uende na kiwango chenye chini na juu. Na ujue tofauti ya mshahara kabla ya makato na unaofika mkononi, maana wengi hulia mwezi wa kwanza. Tuseme wamekutajia 800,000. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25, PAYE, kodi ya mshahara, ni 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kila kinachozidi 410,000, yaani 142,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakukata asilimia 5, ambayo ni 40,000. Mkononi unabaki na 618,000, kabla ya kodi ya huduma ya wilaya. Mwajiri anapaswa kukuongezea NSSF asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, 80,000, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 wajibu huo ni wa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Ukiambiwa "sisi ni kampuni ndogo, hatuna NSSF", umeshajifunza jambo kuwahusu.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Kuwa nalo. Mimi ningeuliza: "Karani akiwa mzuri kwenye nafasi hii, baada ya miezi mitatu anakuwa anafanya nini peke yake?" Na jingine: "Kipindi cha majaribio ni cha muda gani?" Sheria inasema kisizidi miezi sita, na kuongezwa kunahitaji ukubali wewe. La likizo liache mpaka wakupe kazi.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 200, na unaijua foleni ya Mukono na Bweyogerere. Usisafiri asubuhi ya usaili. Njoo siku moja kabla, lala kwa ndugu, na jioni hiyo hiyo nenda mpaka kwenye lango la ofisi ulione kwa macho. Asubuhi panda teksi, si boda, au ukipanda boda uwe na leso ya kufuta viatu na muda wa kunawa uso. Nguo iwe safi, ya kukutosha, ambayo umeshawahi kuivaa siku nzima. Mpya inayobana itakufanya uvutevute mikono mbele ya jopo. Vyeti halisi, nakala, kitambulisho cha taifa na barua ya LC (baraza la mtaa) vikae kwenye bahasha moja kwa mpangilio, usije ukaanza kupekua. Msalimie mlinzi na dada wa mapokezi kwa majina kama wanayo kifuani. Mimi nilikuwa nawauliza kila mara baada ya usaili, "Yupi aliwasalimia?"

Siku inayofuata tuma ujumbe mfupi wa shukrani, mistari mitatu, bila kubembeleza. Wakikwambia "tutakupigia", uliza kwa upole, "Mnatarajia kumaliza lini?" Siku hiyo ikipita na wiki moja juu yake, piga wewe.

Na zile kampuni tano za mwanzo usiziache hivi hivi. Wiki hii, kabla ya Kampala, zipigie zile mbili za mwisho. Usiulize kwa nini hawakukuchukua, kwa sababu swali hilo huwafanya watu wajifunge. Sema, "Nina usaili mwingine hivi karibuni. Kuna sehemu moja mngenishauri niiboreshe?" Mmoja atakata simu. Mwingine, kama bado ana karatasi yake, ataifungua akusomee, na utakachosikia uniandikie kabla hujapanda basi.